Rangi ya Plagi

Kaniki kaiteremsha kutoka Lushoto
juu ya fuso la kabichi, pikipiki ya magurudumu manne,
majani mabichi bado yamenasa kwenye springi.
Neno lake la kwanza: Huko juu ilikuwa inaruka.

Huko juu, sawa.
Hapa Ngamiani, barabara ya kumi na tatu,
inakohoa, inashika, inalia kama sufuria tupu,
halafu ukiivuta mpaka mwisho inakata
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Baba hakuuliza inaliaje.
Masikio yake aliyaacha kwenye korona ya mkonge,
na yaliyobaki yakamalizwa na tustroki za watu.
Aliuma mpini wa bisibisi,
ncha akaiegemeza kwenye silinda,
akafumba macho.
Injini ikamwingia kwa meno.

"Milango imetanuliwa!" akapaza, kama yumo ndani ya mashine.
"Nani kaitanua?"
Kaniki akajigusa kifua: mwenyewe, kwa tupa, usiku mmoja.
Na ekzosi ni ya kuchomelea,
tumbo lake chatu aliyemeza mbuzi.

Tukaifungua kabureta kwenye sinia la mama
(hajui, na asijue).
Sindano: klipu tundu la pili.
Jeti kubwa: mia na arobaini.
Baba akaiinua kwenye jua,
kitundu ambacho sisimizi angekiita dirisha.

Lushoto hewa ni nyepesi,
mgeni anayeonja, akashukuru, akaondoka.
Huku chini hewa ina mwili,
inakuja na sahani yake, inakaa mkekani,
na usipoijazia mafuta
itaitafuna pistoni.

Kaniki akasema yuko jamaa Makorora
anachokonoa jeti kwa uzi wa waya wa klachi.
Baba aliisoma midomo yake.
Akamnyang'anya kikombe cha kahawa.

Kopo la maziwa ya unga ndilo benki yetu ya jeti.
Mia sitini na tano, mia sitini, mia hamsini.
Anza na kubwa, huo ndio mwiko wa nyumba hii:
shibe huchafua tu, njaa inaua.

Mimi ndiye sikio.
Barabara ya Pongwe, gia ya tatu, mkono wote,
kisha zima, shika klachi, teleza mpaka kivulini,
fungua plagi kwa kitambaa, inaunguza.

Ya kwanza nyeusi, imelowa, chungu cha maharage.
Ya pili...
jua lilikuwa linaniishia, mgongo unauma,
Kaniki anatazama saa yake kama daktari.
Nikamwambia Baba: Safi, inaimba.
Ilikuwa inagugumia. Niliisikia.
Akaifungua plagi mwenyewe:
ukingoni duara la masizi, wanja wa bibi harusi.
Plagi ikanisuta mbele ya mgeni.
Baba hakunigombeza. Alinipa mia hamsini
na kitambaa kikavu.

Ya tatu: rangi ya korosho iliyokaangwa
na mtu asiye na haraka.

Kaniki akalipa nusu. Nusu mwisho wa mwezi.
Ile jeti ya mia arobaini Baba akaitia
kwenye kiberiti kitupu, akakifunga kwenye usukani:
"Ukipanda Lushoto, irudishie njaa yake!"

Usiku, umeme umekatika,
Baba kanyoosha kiganja.
"Haya. Ilikuwa inasemaje?"

Nikampigia kwa vidole:
sailensa, taratibu, mvua ya kwanza kwenye bati,
halafu inapanda, inapanda,
hapa kidogo vidole vikasita, sijui kwa nini,
halafu yote, kiganja kizima, mpaka mkono ukanichoka.

Akakaa kimya.
Akanirudisha nyuma, kidole changu kwenye kidole chake,
mpaka pale nilipositasita.

"Hapo katikati bado ina njaa," akasema,
kwa mara ya kwanza siku ile bila kupaza.
"Kesho klipu. Tundu moja chini."